Lenzi za masafa marefu: Kwa nini picha za vivuko vya Mto Mara hutoka na ukungu?

Kila mwaka, takriban kuanzia Julai hadi Oktoba, makundi makubwa ya nyumbu huvuka Mto Mara katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya na kaskazini mwa Serengeti nchini Tanzania. Huenda watu wakasubiri saa nyingi kando ya mto, na kivuko chenyewe kikamalizika kwa dakika chache. Mpiga picha anayegundua jioni kwamba kazi yake ya kutwa imetoka na ukungu huwa mwepesi wa kuilaumu lenzi, na pengine kuipeleka kwa fundi. Mara nyingi lenzi huwa nzima. Ukungu huo una vyanzo vikuu vinne. Kila kimoja huacha alama yake ndani ya picha, na dawa ya kimoja haiponyi kingine.

Alama za kutafuta

Kabla ya kubadilisha chochote, picha ikuzwe kwenye skrini hadi asilimia 100, kisha litafutwe eneo lililo kali. Nyasi zikionekana vizuri kuliko mnyama, kamera imelenga mahali pasipo. Jicho likiwa kali huku bega likififia, tatizo ni kina cha ukali. Kila kitu kikiwa kimeburutika kuelekea upande mmoja, kamera ilitikisika. Na ikiwa ni miguu ya mnyama tu iliyoburutika, kasi ya shata ilikuwa ndogo. Picha ikionekana kama iliyopigwa kupitia maji yanayochezacheza, wa kulaumiwa ni hewa ya joto.

Ulengaji uliokosea

Ulengaji wa kiotomatiki uliwafikia wanunuzi wa kawaida mwaka 1977 kupitia kamera ya Konica C35 AF, na ukaenea katika kamera za kubadilisha lenzi baada ya Minolta 7000 kutoka mwaka 1985. Mtambo huo hutafuta mahali penye mistari na tofauti za mwanga. Jani lililo mbele ya mnyama lina sifa zote hizo, kwa hiyo huweza kuuteka ulengaji wote.

Dawa ni kuchagua nukta moja ndogo ya kulengea badala ya eneo zima, au kuwasha utambuzi wa jicho la mnyama kwa kamera zilizo nao. Kwa mnyama anayekimbia, kamera iwekwe katika ulengaji endelevu, unaoitwa AF-C kwenye Nikon na Sony, au Servo kwenye Canon. Swichi ya kuweka mpaka wa masafa, iliyopo kwenye lenzi nyingi ndefu, huizuia lenzi kuhangaika kutafuta vitu vya karibu. Kiongeza masafa nacho kina gharama yake: cha mara 1.4 hupunguza mwanga kwa nusu, na cha mara 2 huubakiza robo tu, hivyo ulengaji huweza kupungua kasi au kushindwa kabisa.

Kamera za kioo hupima ulengaji kwa kihisi cha pembeni, si kile kinachopokea picha. Viwili hivyo vikitofautiana kidogo, kila picha hulengwa mbele au nyuma ya shabaha. Jaribio lake ni rahisi: kamera iwekwe juu ya stendi, ilengwe kwenye karatasi yenye maandishi, kwanza kwa kutumia dirisha la kutazamia, kisha kwa skrini ya nyuma. Ikiwa picha za skrini pekee ndizo kali, na kosa hilo linajirudia, marekebisho hufanywa kwenye menyu ya kamera nyingi za daraja la kati na la juu. Kamera zisizo na kioo hulenga kwa kihisi kilekile cha picha, ndiyo maana kosa hili ni nadra kwao.

Kina cha ukali

Kina cha ukali ni umbali kati ya sehemu ya karibu na ya mbali zinazoonekana vizuri kwa pamoja. Kwa kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa kwa f/5.6, ikilenga mnyama aliye mita 20, hutoa kina cha sentimita 84 hivi. Mnyama huyo akiwa mita 10, kina hushuka hadi sentimita 21, ilhali mwili wa nyumbu huzidi mita moja na nusu. Kufunga tundu la lenzi hadi f/11 huongeza kina hicho karibu maradufu.

Hesabu hii ina uzito wake mtoni. Asiyeridhika na picha zake humhimiza dereva asogeze gari ukingoni, na msongamano wa magari huweza kuwafanya nyumbu wasite au wageuke. Kusogea huko kunakuza umbo la mnyama, lakini pia kunapunguza kina cha ukali.

Mtikisiko na joto

Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue sehemu ya sekunde inayolingana na urefu wa lenzi: kwa milimita 400, sekunde 1/400. Kwa nyumbu wanaokimbia, 1/1000 au zaidi ni salama zaidi. Kiimarishaji cha lenzi hutuliza mkono wa mpiga picha, wala hakimsimamishi mnyama. Kupandisha ISO huleta chenga, lakini picha yenye chenga hurekebishika kuliko iliyoburutika. Injini izimwe, na lenzi iegemezwe juu ya mfuko wa maharage dirishani.

Hewa ya joto haina dawa ndani ya kamera. Inapochemka juu ya ardhi adhuhuri, au juu ya boneti ya gari, hupinda mwanga kabla haujaifikia lenzi. Kinachosaidia ni kupiga asubuhi na mapema na kupunguza umbali pale inaporuhusiwa.

Lenzi inayostahili kupelekwa kwa fundi ni ile inayoshindwa hata kwenye jaribio la stendi, karibu na karatasi tambarare, wakati wa ubaridi, hasa ikiwa upande mmoja wa picha daima una ukungu kuliko mwingine.