Kutoka Galiamu hadi Silikoni: Historia ya Kupunguza Makosa katika Kubiti za Nukta Kwanta, 1998–2022

Mwaka 1998, Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza kwamba spini ya elektroni iliyonaswa katika nukta kwanta ya semikondakta itumike kama kubiti, yaani kipashio cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwanta. Majaribio ya mwanzo yaliegemea galiamu asenidi, kwa kuwa mbinu za kunasa elektroni ndani yake zilikuwa zimekwisha komaa. Uteuzi huo ulikuwa na gharama. Viini vya isotopu zote thabiti za galiamu na aseniki vina spini. Hivyo elektroni ilizungukwa na takribani sumaku ndogo milioni moja zisizotulia.

Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha ukubwa wa tatizo hilo: kubiti ya elektroni mbili ilipoteza hali yake ndani ya takribani nanosekunde 10. Kwa mbinu ya mwangwi wa spini, ambayo hugeuza mwenendo wa kubiti ili kosa lililojikusanya lijifute, muda huo ulizidi mikrosekunde 1. Hata hivyo, mbinu hiyo ilituliza athari tu; chanzo kilibaki ndani ya malighafi.

Silikoni ilitoa njia nyingine. Katika silikoni ya asili, isotopu yenye spini ya kiini ni silikoni-29 pekee, ambayo ni takribani asilimia 4.7, nayo huweza kupunguzwa kwa usafishaji. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliotumia silikoni-28 iliyosafishwa, walipata mikrosekunde 120 bila mwangwi na usahihi wa udhibiti wa asilimia 99.6.

Usafishaji haukumaliza makosa, bali ulibadili kosa linalotawala. Mwaka 2018, watafiti wa RIKEN, Japani, walivuka asilimia 99.9 kwa kubiti moja, wakabaini kwamba kikomo sasa ni kelele ya chaji za umeme. Sumaku ndogo iliyowezesha udhibiti wa haraka kwa umeme ndiyo pia iliyoifungulia kelele hiyo mlango. Mwaka 2022, Delft na RIKEN zilivuka asilimia 99 kwa operesheni za kubiti mbili, kiwango ambacho misimbo ya kurekebisha makosa huanza kufaa.

Kwa hiyo, historia hii haielezeki kwa ustadi wa udhibiti peke yake. Malighafi iliamua ni kosa lipi lionekane kwanza, na kila kosa lililopunguzwa lilifichua lile lililokuwa limefunikwa nalo.