Makanisa na Maskini wa Mjini: Huduma ya Afya Kuzunguka Mnazi Mmoja, Dar es Salaam

Hospitali kongwe zilizozaliwa na misheni za Kikristo nchini Tanzania, yaani Peramiho, Ndanda, Ifakara, Bumbuli, Mvumi na nyingine za umri huo, karibu zote zimesimama mashambani, na Dar es Salaam, mji uliopokea wamisionari wa Kijerumani tangu mwaka 1887, haimo katika orodha hiyo. Haiwezi kusemwa kwamba wagonjwa walikosekana mjini, wala kwamba umaskini wa Kariakoo, mtaa wa Waafrika mjini humo, ulikuwa mwepesi kuliko ule wa Ungoni au Ulanga. Sababu zilikuwa nyingine, na baadhi yake hazikuwa za kiafya hata kidogo. Kwa muda wa miongo mingi makanisa ya Dar es Salaam yaliinua minara yao kando ya bandari huku huduma yao ya tiba ikielekezwa bara, na maskini walioishi upande wa pili wa uwanja wa Mnazi Mmoja wakatibiwa na serikali, na sadaka ya mfanyabiashara Mwislamu, na waganga wao wenyewe.

Uwanja huo una historia ambayo kwa kiasi kikubwa ni historia ya afya. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1891 iliwaruhusu Wajerumani kuugawa mji kwa aina ya majengo, na mgawanyo huo wa majengo ukawa, kwa vitendo, mgawanyo wa watu: Wazungu upande wa bahari ya mashariki, Wahindi na maduka yao katikati, na Waafrika nyuma yao. Mwaka 1913 serikali ilinunua shamba la minazi lililokuwa mali ya Mjerumani aitwaye Schöller ili lipimwe viwanja vya Waafrika, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaingia kabla mpango haujakamilika, na Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 waliligeuza eneo hilo kambi ya wapagazi wa jeshi, wale waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, na ndipo Kariakoo ilipopata jina. Katika miaka ya 1920 utawala mpya ulibomoa vibanda vilivyokuwa kati ya Kariakoo na mtaa wa Wahindi ili pabaki ukanda mtupu usiojengwa. Maofisa wa zama hizo waliamini kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika hangevuka nafasi pana na kumpelekea Mzungu malaria, na imani hiyo iliwafaa pia wale waliotaka utengano kwa sababu zisizohusu mbu. Mnazi Mmoja, kwa hiyo, ulikuwa uwanja wa kinga, na waliokingwa hawakuwa wakazi wa Kariakoo.

Makanisa yaliingia katika mji uliogawanywa namna hiyo, na hayakuwa nje ya mantiki yake. Jumuiya ya misheni ya Kiinjili iliyoundwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo ilimtuma Johann Jakob Greiner kufika Dar es Salaam mwaka uliofuata, ilikuwa na kazi mbili tangu kuanzishwa kwake: kuwahubiria Waafrika na kuwauguza Wajerumani waliokuwa wakiugua homa za pwani. Kazi ya pili ndiyo iliyowavutia wafadhili wengi wa Berlin, ambao waliona koloni kwanza na utume baadaye. Upande wa Wakatoliki, Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianza Pugu mwaka 1888, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani, na mwezi Januari 1889 kituo chao kikashambuliwa na kuchomwa moto katika vita vya Abushiri. Walihamia mjini baadaye, na kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897, likawa alama ya kurejea kwao. Katika vituo hivi vya mwanzo, mtoto aliyekombolewa alilishwa, alivikwa, alitibiwa na kubatizwa katika mfululizo mmoja, kwa hiyo si rahisi kutenganisha huruma na nia ya kupata waumini, na pengine waliofanya kazi hiyo hawakuona haja ya kuvitenganisha.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1890, wakati Friedrich von Bodelschwingh, mchungaji aliyeongoza makao ya wagonjwa wa kifafa huko Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, alipojiunga na uongozi wa misheni ya Berlin. Bodelschwingh alileta wazo la diakonia, yaani huduma kwa mgonjwa na fukara inayohesabiwa kuwa sehemu ya ibada yenyewe, na pia alileta watu waliofunzwa kuitenda, wanaume na wanawake waliotoka Bethel wakiwa wauguzi kamili. Laiti wazo hilo lingepandwa Dar es Salaam, historia ya mji ingekuwa tofauti. Lakini lilipandwa Usambara, penye hewa ya baridi na watu wachache waliosilimu, na huko Lutindi makao ya watoto waliotoka utumwani, yaliyofunguliwa mwaka 1896, yaligeuzwa mwaka 1904 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika koloni. Misheni ya mjini ilikabidhiwa kwa jumuiya nyingine ya Berlin mwaka 1903, na nguvu za Bethel zikabaki milimani.

Pengo la mjini lilizibwa na mtu asiyekuwa Mkristo. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismailia wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara, alitoa fedha za kujenga hospitali ya Dar es Salaam kwa sharti kwamba ipokee watu wa rangi zote, na hospitali hiyo ilikuwa tayari mwaka 1897, mwaka aliofariki. Wazungu hawakuitumia, kwa kuwa katika miaka hiyohiyo walijengewa hospitali yao ya Ocean Road penye upepo wa bahari, na hivyo hospitali ya Sewa Haji ikawa ya Waafrika na Wahindi. Iliwahudumia watu wa Kariakoo kwa karibu miaka 60, hadi kazi yake ilipohamishiwa Hospitali ya Princess Margaret iliyofunguliwa mwaka 1956 na ambayo leo ni Muhimbili, ambako jina la Sewahaji bado limo midomoni mwa wagonjwa na wauguzi kwa sababu limebaki kwenye jengo la wodi.

Chini ya Waingereza hali haikugeuka sana, ingawa wahusika walibadilika. Wamisionari Wajerumani walifukuzwa baada ya vita, na usharika wa Kilutheri wa Dar es Salaam ukashikwa na Martin Ganisya, Mwafrika aliyepitia utumwa katika maisha yake, ambaye aliuweka hai bila fedha za nje wala daktari. Wakatoliki walipata Wakapuchini kutoka Uswisi tangu mwaka 1921, pamoja na masista wa Baldegg. Vikarieti ya Dar es Salaam, yaani eneo la kimisheni ambalo bado halijawa jimbo kamili, ilikuwa kubwa mno, ikifika hadi Mahenge na Ifakara, na ni huko Ifakara, siku nyingi za safari kutoka makao ya askofu, ambako Wakapuchini walijenga hospitali yao mashuhuri ya Mtakatifu Fransisko. Waanglikana wa misheni ya UMCA nao waliweka chuo chao cha Mtakatifu Andrea na hospitali huko Minaki, katika vilima vya Kisarawe. Hata ile misheni iliyokaribia mji kuliko zote ilipenda kuutazama kutoka kilimani.

Ni vyema kueleza kwa nini, kwa kuwa maelezo ya kawaida, kwamba serikali ilikuwa tayari na hospitali mjini, hayatoshi. Kariakoo ilikuwa mji wa Waislamu. Utafiti wa J. A. K. Leslie wa mwaka 1956, uliochapishwa mwaka 1963, uliwakuta Waafrika wengi wa Dar es Salaam wakiwa Waislamu, na Mkristo aliyetoka bara akijikuta mgeni aliyepanga chumba katika nyumba ya Mzaramo au Mmanyema. Kwa misheni, mji ulionekana kuwa mahali ambapo kijana aliyebatizwa alipotelea, na fedha zilizokusanywa parokiani huko Uswisi au Uingereza hazikutolewa kwa moyo mkunjufu kwa ajili ya mahali pa kupotelea. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo ni kwamba maskini wa Kariakoo hawakuwa wakisubiri misheni. Ripoti ya E. C. Baker juu ya hali ya jamii ya Dar es Salaam, ya mwaka 1931, inaonyesha mji wa mishahara midogo na madeni, na watu wa mji huo walijihami kwa vyama vya kuzikana, vyama vya ngoma, jumuiya za kabila na ukarimu wa mwenye nyumba aliyeweza kungoja kodi hadi mwisho wa mwezi mwingine. Msikiti na jirani vilifanya kazi ambayo kijijini ilifanywa na zahanati ya misheni.

Kanisa liliingia rasmi katika umaskini wa mjini mwaka 1950, na liliingia kwa kuitwa na serikali. Jeshi la Wokovu, lililokuwa limeanza Tabora mwaka 1933, liliombwa na Gavana kusaidia, nalo likaanzisha kambi ya Mgulani, ambako baadaye yaliwekwa makao yake makuu nchini na shule ya Matumaini ya watoto wenye ulemavu. Mgulani iko kusini, nje ya mitaa ya biashara, na mahali pake panasema mengi, kwa kuwa utawala wa kikoloni katika miaka hiyo ulikuwa ukiwakamata na kuwarudisha makwao watu wasio na kazi, waliobandikwa jina la wahuni, na ulihitaji mahali pa kuwaweka wale wasioweza kurudishwa popote. Huduma ilikuwa ya kweli na waliohudumiwa waliishi kwa sababu yake, lakini ilikuwa pia njia ya kuwaondoa machoni pa mji.

Baada ya uhuru mji uliongezeka kwa kasi, kutoka watu takriban 129,000 mwaka 1957 hadi takriban 273,000 mwaka 1967, na Azimio la Arusha likaelekeza fedha za afya vijijini, mahali palepale ambapo misheni zilikuwa zimekwisha jenga. Mwalimu Nyerere, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwezi Oktoba 1970, aliwataka watu wa Kanisa washiriki kuibomoa mifumo inayozalisha umaskini badala ya kuridhika na kuwafariji maskini. Wengi walimsikia, na waliomtii walikwenda vijijini.

Mjini jibu la Kikristo lilitoka kwa mlei. Edmund John, Mwanglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alianza mwaka 1972 huduma ya maombezi na uponyaji iliyoenea Dar es Salaam na kwingineko hadi alipofariki mwaka 1975. Huduma hiyo haikuwa na jengo, dawa wala bajeti. Ilikuwa na mfungo, sala ndefu, kuungama na kutoa pepo. Wasomi wa historia ya tiba huipa nafasi ndogo, na hilo ni kosa, kwani katika Kariakoo na mitaa iliyoizunguka ugonjwa ulikuwa umeelezwa siku zote kwa lugha ya pepo na majini, na mgonjwa aliyeshindikana hospitali alipelekwa kwa mganga akachezewa ngoma. Madaktari wa misheni walilidharau swali la pepo na majini. Edmund John alilikubali swali na kulipa jibu tofauti, na mikutano ya Injili ambayo baadaye ilijaza viwanja vya Jangwani na Mnazi Mmoja ilipita katika njia aliyokuwa ameifungua.

Ugonjwa uliolirudisha Kanisa mjini ulikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi kiliomba msaada wa Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, na kutokana na ombi hilo ikazaliwa huduma iitwayo PASADA, ambayo ilipeleka wauguzi majumbani katika mitaa ambayo jirani walikuwa wameanza kuogopa kuingia. Asili hiyo haifanani na ya huduma zote zilizotangulia, kwa kuwa safari hii wagonjwa ndio waliobisha hodi. Katika kipindi hichohicho Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, ambaye miaka ya nyuma alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Nyumba ya Sanaa, alianzisha Kituo cha Dogodogo kwa ajili ya wavulana waliolala barabarani, watoto ambao sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwatazama wakubwa wao kama wazururaji wa kukamatwa.

Mwaka huohuo wa 1992 serikali ilitia saini na makanisa mkataba wa makubaliano juu ya afya na elimu, na Tume ya Huduma za Jamii za Kikristo ikaundwa kuusimamia. Serikali ilikuwa imeishiwa. Mwaka 1993 ilianza utaratibu wa kuchangia gharama, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya matibabu yaliyokuwa bure. Waislamu wengi waliulalamikia mkataba huo kwa kuona kwamba fedha za umma zingepitia mikononi mwa dini moja, na katika Kariakoo, ambako watu walikuwa wametibiwa kwa miongo mingi katika hospitali iliyotokana na mali ya Mwislamu, lalamiko hilo lilikuwa na uzito ambao watetezi wa mkataba hawakuupima ipasavyo. Manufaa ya mkataba nayo yalifuata ramani ya zamani: ruzuku ilikwenda zilipokuwa hospitali za makanisa, na hospitali hizo hazikuwa Kariakoo.

Tangu hapo Kariakoo yenyewe imehama chini ya miguu ya wahudumu. Nyumba za Uswahilini zimebomolewa na magorofa ya biashara yamesimama mahali pake, na maskini wa soko, mmachinga, mchukuzi na mama lishe, hulala Mbagala au Gongo la Mboto na kurudi alfajiri. Makanisa yamewafuata huko pembezoni kwa zahanati na hospitali, huku sharika za katikati ya mji zikibaki na ibada za asubuhi kabla ya kazi na za mchana wakati wa mapumziko. Anayezidiwa na ugonjwa sokoni saa za kazi hupelekwa katika hospitali ya serikali ya Mnazi Mmoja, kando ya uwanja ambao Waingereza waliusafisha ili maradhi ya Kariakoo yasivuke.