Uzi: Satelaiti imeuona moshi wa Changamwe? Historia fupi ya ubishi usioisha

1/ Kila siasa ikipamba moto, ubishi wa hewa chafu unarudi huku bara ya Mombasa. Mmoja anapachika ramani nyekundu ya satelaiti na kuandika: "Changamwe inakufa, ushahidi huu hapa." Mwingine anajibu: "Hizo ni picha za wazungu, zinapikwa." Wanatukanana mpaka alfajiri. Leo hebu tuelewane kwa historia.

2/ Sitaji mwanasiasa wala chama. Atakayekuja kuuliza "unamlenga nani?" ajue simlengi mtu. Nina maswali mawili tu: satelaiti huona nini, na kile isichokiona ni nani aliyepaswa kukiona?

3/ Kwa nini yananihusu? Mie ni wa Likoni, lakini mama yangu mdogo anakaa Magongo na mwanawe ana pumu. Kuna usiku huamka saa nane kufunga madirisha, manake ndio saa ile harufu kali huingia kutoka upande wa viwanda. Kukicha, hakuna harufu, na ukiuliza hakuna aliyeona kitu. Ishikeni hiyo saa nane ya usiku. Tutairudia.

4/ Tuanze nyumbani. Wengi hawajui kwamba satelaiti ya kupima hewa iliwahi kurushwa hapa hapa Pwani. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha San Marco 2. Kazi yake ilikuwa kupima hewa ya juu kabisa ni nzito au nyepesi kiasi gani, kule satelaiti zinakopita.

5/ Tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, ikarushwa nyingine hapo hapo, ya kuchunguza nyota. Ikapewa jina la Uhuru. Kurusha kuliendelea mpaka 1988. Kwa hivyo anayesema mambo ya satelaiti hayatuhusu, mwambieni yalipitia mlangoni petu.

6/ Lakini tusijidanganye. Kurushiwa satelaiti Ngomeni sio kupimiwa hewa ya Changamwe. Ile San Marco 2 ilipima hewa ambayo hakuna binadamu anayeivuta. Huku chini rifaineri ya Changamwe ilikuwa kazini tangu 1963, malori yakaongezeka, mitambo ya umeme ya dizeli ikaja Kipevu. Kipimo tulichokuwa nacho sisi ni pua. Tulipokuwa wadogo tukitoka safari, hata ukiwa umefumba macho ulijua gari limefika Changamwe.

7/ Satelaiti ilianza lini kuona moshi na gesi? Hatua kubwa ni Nimbus 7 ya Marekani, iliyorushwa Oktoba 1978. Ilibeba kifaa cha kupima ozoni, ile gesi ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1982 volkeno ya El Chichón ikalipuka Mexico, na wataalamu wakagundua kwamba kifaa kile kile kinaona pia salfa dioksaidi iliyotoka mlimani. Hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kiliona tu.

8/ Kinaonaje? Fikiria chai ya rangi kwenye glasi. Ukiishika kwenye jua, mwanga unaopita unatoka na rangi nyingine, manake chai imezuia baadhi ya rangi. Gesi hufanya hivyo hivyo, kila moja na rangi zake za mwanga inazozila, nyingine hata jicho haliwezi kuziona. Mwanga wa jua unashuka, unagonga ardhi, unarudi juu, satelaiti inasoma ni rangi zipi zimepungua. Kwa hivyo ile nyekundu ya kwenye ramani sio rangi ya moshi. Ni rangi aliyochagua mchoraji kuonyesha "hapa gesi ni nyingi."

9/ Sasa kisa ninachotaka mkiweke akilini. Mwaka 1985 Waingereza watatu, Farman, Gardiner na Shanklin, walitangaza kwamba ozoni ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya machipuko ya huko. Hawakutumia satelaiti. Walitumia vifaa vilivyokaa chini, kwenye kituo kilichopima hewa kwa miaka mingi. Nimbus 7 ilikuwa juu wakati wote huo. Baadaye takwimu zake zikaonyesha ukubwa wa lile tundu, na 1987 mataifa yakasaini Mkataba wa Montreal. Wa chini walitangulia kusema, wa juu akaonyesha limeenea wapi. Walihitajiana.

10/ Baada ya hapo vifaa vikawa vikali zaidi. Wazungu wa Ulaya walirusha GOME mwaka 1995. Mwaka 2004 ikaja OMI, ndani ya satelaiti ya Marekani iitwayo Aura. Oktoba 2017 ikarushwa Sentinel-5P yenye kifaa TROPOMI. Hii ndio mama wa ramani nyingi mnazotumiana. Inapima nitrojeni dioksaidi (gesi ya injini na mitambo), salfa dioksaidi, methani na nyinginezo, na takwimu zake ni bure kwa mtu yeyote duniani.

11/ Ramani hizo zilisambaa hasa 2020. Korona ilipofunga miji ya China na Italia, watu waliona nyekundu ikififia kwa wiki chache. Aprili mwaka huo sisi nasi tukafungiwa, hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, na kafyu juu. Tangu hapo kila mwenye simu amekuwa mtaalamu wa hewa. Sio vibaya. Ila kuna mambo manne lazima uyajue kabla ya kumpiga mwenzio na ramani.

12/ La kwanza, ukubwa wa jicho. TROPOMI ikikutazama kutoka juu, kadoa kake kamoja ka picha ni kama kilomita 5.5 kwa 3.5. Hiyo ni zaidi ya kilomita 19 za mraba. Kisiwa chote cha Mombasa ni kama 14. Yaani doa moja laweza kumeza bandari, Kipevu, foleni ya malori na nyumba ya mama mdogo, vyote pamoja. Ukisema "satelaiti imeonyesha kiwanda fulani ndicho," umeongeza chumvi.

13/ La pili, saa. Satelaiti hii hupita juu yetu mara moja mchana, karibu saa saba na nusu. Na kwa kuwa inategemea mwanga wa jua, usiku ni kipofu. Haya, ile saa nane ya usiku mnaikumbuka? Mwenye bomba la moshi akifungulia saa nane usiku na kufunga alfajiri, mchana upepo wa bahari umeshafagia. Ramani itatoka safi na mtoto ameshakohoa mpaka asubuhi.

14/ La tatu, inapima hewa yote iliyosimama kutoka ardhini kwenda juu, kama mtu anayehesabu watu wa ghorofa zote bila kujua nani yuko chini. Haikuambii moja kwa moja wewe unavuta kiasi gani. Na mawingu yakitanda, kama siku za masika yetu, siku nzima inaweza kupotea. Ndio maana wataalamu hujumlisha miezi na kutoa wastani. Picha ya siku moja sio hoja.

15/ La nne, kuna sumu ambazo haizioni kabisa. Hapa ndipo historia yetu wenyewe inaposema kuliko ramani zote. Twende Owino Uhuru.

16/ Owino Uhuru ni kijiji cha Mikindani, sehemu ya Jomvu, ambayo kabla ya uchaguzi wa 2013 ilikuwa ndani ya eneobunge la Changamwe. Palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi. Risasi haionekani kwa TROPOMI wala kwa kifaa chochote kati ya nilivyovitaja. Watoto wakaugua, mimba zikaharibika. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, mwanawe mwenyewe alipatikana na risasi mwilini. Ndipo akaanza kupiga kelele, yeye na majirani.

17/ Ushahidi ulitoka wapi? Kwenye damu ya watoto iliyopimwa. Kwenye udongo wa kijijini uliopimwa. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, ikawapa wanakijiji fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka kutoka kufungwa kwa kiwanda mpaka hukumu hiyo: kumi. Na yote yalianza kwa mama mmoja kupeleka mtoto hospitali, sio kwa mtambo wa angani.

18/ Kwa hivyo wale wa "zinapikwa" wamekosea. Takwimu ziko wazi, mwanafunzi wa Kisauni na profesa wa Uholanzi wanapakua faili ile ile. Lakini na wale wa "satelaiti imemaliza kesi" wamekosea vile vile. Satelaiti ni shahidi aliyesimama mbali. Anaweza kusema kuna moto mtaani. Hawezi kusema nani aliyewasha kiberiti.

19/ Mfano wa ubishi wa kila siku: "Rifaineri ilipofungwa hewa ilisafika, tazama ramani." Rifaineri iliacha kusafisha mafuta 2013. TROPOMI imerushwa 2017. Atakayekuonyesha ramani ya TROPOMI ya "kabla na baada" ya rifaineri, muulize aliipiga na nini. Mwingine: "SGR imeondoa malori, kwa hivyo hewa ni safi." Treni ilianza 2017, na amri za mizigo zimebadilika tangu hapo. Hiyo yataka wastani wa miezi kwa miezi, na kipimo cha chini barabarani. Sio picha moja.

20/ Mfano wa Kisauni: moshi wa jaa la Mwakirunge. Methani ya taka inaweza kuonekana kutoka juu ikiwa nyingi sana, ingawa pwani, penye bahari na nchi kavu zimechanganyika, kuipima ni kazi ngumu. Lakini anayeishi jirani na jaa hasumbuliwi na methani usiku. Anasumbuliwa na vumbi laini la moshi wa taka zinazoungua, lile linaloingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Hilo satelaiti hukadiria tu. Kifaa kilichotundikwa ukutani ndicho kinachohesabu.

21/ Kwingine wameshapiga hatua. Korea Kusini ilirusha 2020 kifaa kinachokaa juu ya Asia na kuitazama kila saa ya mchana. Amerika Kaskazini ikapata chake 2023, Ulaya 2025. Afrika Mashariki hatuna cha kututazama kila saa. Tunapata ule mpito wa saa saba na nusu. Basi kama juu hatujakaliwa vizuri, chini ndio tungejaza. Sivyo?

22/ Na sheria haijalala. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Jedwali la Nne limeweka udhibiti wa uchafuzi wa hewa kwenye kazi za kaunti. NEMA ni ya serikali kuu, na kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2014. Kwa hivyo kaunti ikikwambia "nendeni NEMA" na NEMA ikikwambia "nendeni kaunti," jueni wote wawili wana kazi hapo.

23/ Sasa mgombea yeyote akija na ramani nyekundu, au akija kuikejeli, usimzomee. Muulize haya:
– Vipimo vya hewa vya chini viko wapi Changamwe, Likoni na Kisauni, na vinapima usiku?
– Matokeo yanawekwa wapi mwananchi ayaone bila kuandika barua?
– Kiwanda kikipata leseni, nani anapima bomba lake, na mara ngapi kwa mwaka?
– Kwenye bajeti, fungu la kupima hewa ni shilingi ngapi?
Akijibu kwa takwimu, msikilize hata kama si wa upande wako. Akijibu kwa wimbo, mmeshamjua.

24/ Juzi nilivuka feri nikaenda Magongo. Nikamwonyesha mama mdogo ramani kwenye simu, nikamweleza yote haya. Akatazama, akaniuliza: "Hiyo saa nane ya usiku iko wapi hapa?" Nikamwambia haipo. Akasema: "Basi mie nitaiandika."

25/ Siku hizi ana daftari jikoni. Tarehe, saa, harufu ya namna gani, upepo watoka wapi, mtoto alikohoa au la. Daftari sio kipimo cha maabara, najua. Lakini siku mtu wa kaunti au wa NEMA akija na kifaa, atajua akiwashe saa ngapi. Wewe nawe uliye karibu na jaa, bandari au kiwanda, anza lako leo. Uzi umeisha. Mwenye kupinga apinge kwa hoja.