Ukumbusho wa Waliozama na Khedive Ismail

Thika na Ruiru ziko mbali na bahari, na hata Nairobi, ambako wengi wetu huenda kazini kila asubuhi, haina pwani. Hata hivyo waliopotea baharini wana ukumbusho wao huko, ndani ya Makaburi ya Vita kando ya Barabara ya Ngong.

Makaburi hayo yalifunguliwa na jeshi mwaka 1941. Humo umesimama Ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa askari wa Vita vya Pili vya Dunia wasiojulikana walikolala: waliokufa wakiingia kusini mwa Ethiopia mwaka 1940 na 1941, waliokufa Madagaska mwaka 1942, na vijana wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki.

Vijana hao walipanda meli ya Khedive Ismail bandarini Kilindini, Februari 1944, wakielekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakapigane na Wajapani. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora mawili. Meli ilizama kabla ya dakika tatu kwisha. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297, wakiwemo wauguzi wanawake. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliizamisha nyambizi hiyo siku ileile. Lakini adui alijificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, na Petard ikaangusha mabomu yake papo hapo, katikati ya watu. Uamuzi huo unauma kuusimulia hata leo.

Angalau majina ya vijana hao yamechongwa. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliobeba mizigo ya jeshi hadi wakafa kwa maelfu kwa njaa na magonjwa, hawakupata hata hilo: Sanamu ya Askari jijini Nairobi haitaji jina la yeyote kati yao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi haya iliomba radhi hadharani kwa kuwaacha Waafrika wengi bila kuandikwa majina. Radhi hiyo ilichelewa mno.

Ewe msomaji wa Thika au Ruiru, kama ukoo wenu una babu aliyekwenda na jeshi mwaka 1944 asirudi, fika Barabara ya Ngong umtafute katika majina hayo, na uende na watoto.