Chini ya skai

Mtu akiniletea Volkswagen Coccinelle ya zamani hapa Walungu, Kivu, kiti cha nyuma ndicho ninachokitoa kwanza. Chini yake, upande wa kulia, ndipo betri inapokaa. Springi zikilegea, abiria mzito akikaa, chuma hugusa vichwa vya betri, na usumba uliojazwa kitini unashika moto. Urembo baadaye.

Usumba huo wa makumbi ya nazi ni wa kiwandani. Miaka ya 1950 kampuni ya D'Ieteren ilikuwa ikiunganisha Coccinelle huko Forest, Brussels, na Kongo ilikuwa bado mkononi mwa Wabelgiji. Lakini nikifungua kiti kilichozeekea Kivu, mara nyingi chini ya usumba nakuta kazi ya mafundi wetu, na kazi hiyo ina tarehe yake.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, kama tulivyoitwa wakati huo. Baba mdogo, aliyenifundisha kushona viti kule Kadutu, alilisimulia jambo hilo kwa uchungu hadi uzee wake. Wafanyabiashara wa kigeni waliokuwa wakiagiza skai (ngozi ya bandia), uzi na vipuri walinyang'anywa maduka, na waliopewa wengi wao hawakujua bidhaa zinaagizwaje. Wakauza zilizokuwepo, basi. Mwaka 1976 serikali ilikuwa ikiwarudishia wenyewe maduka yao, ila wengi walikwisha kwenda zao.

Magari hayakungoja. Mafundi walikata mipira ya ndani ya matairi ya lori, wakaisuka mikanda ya kubeba springi. Magunia ya kahawa yakatandikwa juu ya springi ili waya usitoboe usumba. Skai ilipokosekana, kulikuwa na ngozi ya ng'ombe, nayo kwetu Bushi haijawahi kukosekana.

Leo wateja wanataka sponji tupu, kwa kuwa ni rahisi. Mimi nabishana nao. Mvua zetu zinanyesha toka Septemba hadi Mei. Sponji inanyonya maji na kuyashika, bati la chini linaoza. Usumba unapitisha hewa. Naukung'uta, naukausha, naziba palipoliwa, ndipo navuta skai mpya na kuinasa kwenye vimeno vya fremu.

Na mkanda wa mpira wa enzi zile, kama bado unavuta, siutoi. Anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka Brussels angeutupa. Kwangu mimi huo nao ni umri wa gari. Mwenye mali akikataa, namwambia aubonyeze kwanza kwa mkono wake, kisha aamue.