Modemu, Mnada na Mizani: Kumbukumbu ya Katesh

Mwaka 1997 nilikuwa karani wa ofisi moja ya mradi wa kilimo mjini Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa. Mbulu na Hanang zilihesabiwa katika Mkoa wa Arusha hadi mwaka 2002. Kila mwisho wa mwezi nilipaswa kutuma taarifa ya matumizi kwa barua pepe, kwa njia ya simu, hadi kituo kimoja mjini Arusha, umbali wa zaidi ya kilomita 200. Taarifa isipofika, fedha za mwezi uliofuata hazikutoka, na vibarua walirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kisa hiki, ijapokuwa ni cha mashine, kilikuwa pia kisa cha unga na chumvi.

Mwezi huo tulikuwa tumeletewa modemu mpya ya biti 28,800 kwa sekunde, ya kanuni iitwayo V.34, iliyoidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 1994. Ile ya zamani, ya biti 14,400, niliifungia kabatini kwa dharau.

Wasomaji waliopata kusikia modemu wataikumbuka sauti yake: mlio mrefu, vifijo, kisha mvumo kama wa mvua juu ya bati. Zile zilikuwa salamu. Mmoja hupiga hodi, mwenziwe huitikia, kisha hujuliana hali: waya una kelele kiasi gani, mwangwi uko wapi, na tusemezane kwa kanuni ipi. Waliowahi kufika mnadani Katesh watanielewa upesi. Eneo letu ni mojawapo ya machache sana Afrika ambako Kiiraqw cha Wakushi, Kidatooga cha Waniloti, Kinyaturu cha Wabantu na Kihadza chenye vidoko hukaribiana. Muuza ng'ombe na mnunuzi hawaanzi na bei. Huanza kwa kupapasa lugha wanayoijua wote wawili, na mara nyingi huishia katika Kiswahili. Ndivyo modemu zilivyotakiwa kufanya.

Yetu haikufanya hivyo. Iliandika kwamba imeunganishwa kwa 28,800, ikatuma mistari michache, ikanyamaza. Baada ya kitambo mvumo ukaanza upya, salamu juu ya salamu, hadi simu ikakatika. Gharama ya simu ilihesabiwa kwa dakika, nami nilikuwa nikilipia maamkizi yasiyofika kwenye mazungumzo.

Kwanza nililaumu waya. Nilichomoa simu ya pili, nikabana viungo, nikajaribu usiku wa manane. Mambo yakawa yale yale. Ndipo akaitwa fundi mmoja, mzaliwa wa Mbulu, mtu wa maneno machache. Aliitoa modemu ya zamani kabatini, akaiunganisha kwenye waya ule ule, nayo ikashika bila kuteteleka. Akairudisha mpya, akaandika amri ATI3, na mashine ikajibu kwa namba ya toleo la programu iliyochomwa ndani ya chipu yake. Akawapigia wenzake wa Arusha, akawasomea namba ile. Alipoweka mkono wa simu chini alisema: "Karani, mashine hii inajua kupanda, haijui kushuka."

Maana yake ni hii. Waya wa simu hupitisha sauti za mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, basi. Modemu haiwezi kuupanua. Ile ya 14,400 hutoa alama 2,400 kwa sekunde, kila alama ikibeba biti sita. Ya 28,800 yaweza kutoa alama 3,200, kila moja ikibeba biti tisa. Washairi hamhitaji mhandisi wa kuwafafanulia: mizani ya mshororo imefungwa, nane kwa nane, na anayetaka kusema zaidi hana budi kuikaza maana ndani ya silabi zile zile. Lakini kadiri neno linavyobeba maana nyingi zilizokaribiana, ndivyo kelele kidogo ya msikilizaji inavyolipotosha. Kanuni ya V.34 ililijua hilo, ikaagiza kwamba waya ukichafuka, mashine ipunguze mwendo. Programu ya modemu yetu ilikuwa na kasoro mahali hapo hasa: badala ya kushuka, ilirudia kujuliana hali kwa kasi ile ile.

Chipu mpya ingechukua majuma kufika. Fundi hakungoja. Aliandika AT+MS=10, amri iliyozifunga modemu za aina ile zitumie kanuni ya zamani, V.32bis, ya mwaka 1991. Akaongeza na muda wa kungoja salamu. Taarifa ikapita kwa nusu ya kasi tuliyoinunua, na vibarua wakalipwa. Mwenda pole hajikwai. Siku ile methali hiyo niliiona ikitumwa kwa waya.

Nikikumbuka leo, kinachonishughulisha zaidi ni msamiati. Programu ile iliyochomwa ndani ya chipu siku hizi huitwa programu dhibiti, nalo ni neno zuri, kwani kudhibiti ndiyo kazi yake. Sisi hatukuwa nalo. Fundi aliiita "akili ya ndani", na kasoro yake aliiita "ubishi". Kwa maneno hayo mawili alinieleza tatizo lote nisilolielewa katika kitabu cha maelekezo cha Kiingereza. Hayakuingia kamusi yoyote kwa maana hiyo. Nadhani mafundi wengine wa Mbulu, Katesh na Haydom walikuwa na yao, wakiyatumia juu ya redio za upepo, jenereta na simu za kuzungusha. Anayeyakumbuka na ayaandike, kabla wenyewe hawajaondoka nayo.