Kutoka karata za Ulam hadi mwanga ndani ya fuvu

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati mzaliwa wa Poland, alikuwa akijiuguza nchini Marekani baada ya ugonjwa wa ubongo. Akipitisha muda kwa karata za kucheza peke yake, alijiuliza mchezo una nafasi gani ya kukamilika. Hesabu ilimshinda. Akaona heri kuucheza mara mia, kisha ahesabu umekamilika mara ngapi.

Wazo hilo alimpelekea mwanahisabati mwenzake John von Neumann, na matumizi yake ya kwanza hayakuhusu tiba hata kidogo: kwenye maabara ya Los Alamos lilifuatilia nyutroni katika hesabu za mabomu ya nyuklia. Mwenzao Nicholas Metropolis akaipa njia hiyo jina la Monte Carlo, kwa kuwa Ulam alikuwa na jamaa aliyezoea kukopa fedha kwa ndugu ili akacheze kamari katika mji wenye jina hilo.

Madaktari waliihitaji baadaye sana. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba mwanga wa infraredi iliyo karibu na wekundu hupenya ngozi na mfupa, na kutoka na habari za oksijeni iliyomo kwenye damu ya ubongo. Kati ya nanomita 650 na 900 hivi, damu na maji huufyonza kidogo tu. Tatizo ni kwamba hauendi moja kwa moja. Kila baada ya sehemu ya kumi ya milimita hivi hugonga kitu na kupinda, hata ukifika kwenye kipokezi huwezi kujua umepita wapi.

Mwaka 1983, nchini Kanada, Brian Wilson na G. Adam waliitendea fotoni, yaani chembe ya mwanga, kama nyutroni ya Los Alamos. Kompyuta huchagua namba ya nasibu kuamua fotoni itasafiri umbali gani, nyingine kuamua itapinda upande gani, huku kila hatua ikiipunguzia nguvu. Hurudia mamilioni ya mara. Na kanuni ya kupinda iliyozoeleka katika kazi hii, jambo linalonivutia kuliko yote, ilitungwa mwaka 1941 na Henyey na Greenstein, wanaastronomia waliokuwa wakichunguza vumbi lililo kati ya nyota!

Lihong Wang na Steven Jacques, waliokuwa Houston, walitoa programu ya MCML, makala yake ikachapishwa 1995. Waliigawia dunia bure, na nadhani ndiyo maana ilienea hivyo. Lakini ilichukulia mwili kuwa matabaka bapa, na kichwa si bapa. Mwaka 2002 David Boas na wenzake walionyesha hesabu ndani ya umbo halisi la kichwa. Kilichobaki kilikuwa mwendo. Mwaka 2008 watafiti wa Lund, Sweden, waliihamishia kazi hiyo kwenye chipu za michoro, zilizoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, ikawa haraka mara 1,000 hivi.

Hesabu hizo sasa zimegeukia ngozi yenyewe. Desemba 2020 watafiti wa Michigan waliripoti kwamba vipima oksijeni vya kidoleni, vinavyotumia mwanga mwekundu na infraredi, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, hufyonza mwanga kabla haujaifikia damu, na katika uigaji mtafiti anaweza kuizidisha au kuipunguza huku mengine yote yakibaki yalivyo, jambo lisilowezekana kwa mgonjwa aliye kitandani.